KILA MTU AJE NA CHAKE



Mwaliko ulikuja kwa simu, kama zijavyo siku hizi habari zote, za arusi na za msiba. Ulikuwa na picha ya jua jekundu na maneno machache: usiku wa kuchora kando ya ziwa, kiingilio shilingi elfu ishirini, rangi na brashi zipo, mwalimu yupo, asiyejua kuchora asiogope. Na mwisho, kwa herufi kubwa: chakula na vinywaji, kila mtu aje na chake.

Binti wa marehemu kaka yangu, ambaye tangu utotoni huchora hata nyuma ya madaftari ya hesabu, alinionyesha mwaliko ule akaniambia, "Baba mdogo, nataka kwenda. Mama amesema niende iwapo wewe utanisindikiza." Nikamsindikiza. Haya niandikayo ni niliyoyaona kwa macho yangu, wala si ya kusikia. Na sikwenda kwa nia ya kutafuta aibu za watu.

Nayasema haya mapema kwa kuwa tunayo desturi mbaya sisi wazee tunaoandika katika kurasa kama hizi. Kila jambo jipya likifika mjini twalipiga muhuri wa haramu kabla hatujalitazama, na vijana wakishatuzoea hivyo hawatusikilizi tena, hata siku ile tunaposema kweli. Jambo hili lina heri ndani yake, na lina dosari. Yatupasa tuzipambanue mbili hizi kama mama apembuavyo mchele: hautupi mchele wote kwa ajili ya chuya.

Asili ya jambo hili

Mikusanyiko ya namna hii haikuanzia kwetu. Huko Marekani, mwaka 2002, mama mmoja aitwaye Wendy Lovoy alianzisha katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, nyumba ya kufundishia uchoraji ambamo watu huchora huku wakinywa. Mwaka 2007, katika mji mdogo wa Mandeville, jimbo la Louisiana, wanawake wawili, Cathy Deano na Renee Maloney, wakafungua nyumba yao. Ilikuwa miaka miwili tu tangu kimbunga kiitwacho Katrina kilipozivunja nyumba za watu wa sehemu zile mwaka 2005, na majonzi yalikuwa hayajaisha. Watu walitaka mahali pa kukaa pamoja na kusahau kidogo. Jambo likapendwa, likawa biashara kubwa yenye matawi mengi, likavuka bahari. Nairobi na Dar es Salaam limekwisha kupata wapenzi wake, na sasa limetufikia sisi tulio mwisho wa reli.

Na hata kabla ya hao, wengi walikuwa wamekwisha kuzoeshwa kumfuata mwalimu kwa hatua. Tangu mwaka 1983 hadi 1994 mchoraji Bob Ross alikuwa akionekana katika televisheni ya huko, akichora picha nzima ya milima na miti kwa muda wa nusu saa, huku akimwambia mtazamaji kwa sauti ya upole kuwa naye anaweza.

Basi asili yake si ovu kabisa. Kumwondolea mtu mzima woga wa kushika brashi ni jambo jema. Kuwakusanya wenye huzuni ili wacheke ni jambo jema. Lakini tusijidanganye: chupa haikuingia baadaye kwa bahati mbaya. Iliingia pamoja na brashi tangu siku ya kwanza, na nyingi katika nyumba zile humruhusu mteja aje na mvinyo wake mwenyewe. Sisi tumepokea mzigo mzima bila kuufungua kuona kilichomo.

Tuliyoyaona

Mahali penyewe palikuwa uwanja wa nyumba moja kando ya maji, baina ya Kigoma mjini na Ujiji. Sitaitaja. Tulifika saa kumi na moja na nusu jioni. Meza zilikuwa zimepangwa kwa safu, na mbele ya kila kiti kitambaa cheupe kilichowambwa juu ya fremu ya mbao, brashi tatu, kopo la maji, na sahani ya karatasi yenye rangi tano. Walikuwapo watu wapatao thelathini, wanaume kwa wanawake, wengi wao vijana wenye kazi za ofisini. Mwalimu alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia vizuri akanitafutia kiti nyuma, na hakunitoza kitu.

Mbele yake alikuwa ameweka picha ya mfano. Jua linazama, mbele ya jua pana mti wa mgunga, na chini ya mgunga amesimama twiga. Kazi ya wote ilikuwa kuitoa picha hiyohiyo. Mwalimu anasema, sasa pakeni rangi ya manjano katikati; wote wanapaka. Sasa chukueni nyekundu, wote wanachukua. Ilikuwa kama darasa la watoto, na sisemi hivyo kwa dharau, kwani kulikuwa na furaha ya kitoto ambayo mtu mzima haipati kila siku. Mama mmoja, karani wa makamo, aliutazama mkono wake ukipaka rangi kama anautazama mkono wa mtu mwingine. Nilifurahi kumwona.

Lakini viti vyote vilielekezwa kwa mwalimu, na ziwa lilikuwa mgongoni.

Anayeijua Kigoma anajua kuwa jua letu huzama ng'ambo ya maji, nyuma ya milima ya Kongo, na saa ile maji hugeuka rangi yakawa kama mawese yaliyomwagwa. Jioni ile lilizama hivyo. Watu thelathini walikuwa wakichora machweo ya jua, na machweo yenyewe yalikuwa nyuma yao, wala hakugeuka mtu. Nilihesabu, mmoja tu aligeuza shingo, naye ni binti yetu.

Adhana ya Magharibi ikasikika. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akaendelea, kwa kuwa rangi ingekauka. Tuliinuka watu wanne tukasali juu ya mchanga. Tuliporudi, wengine walikuwa wamekwisha kufungua vyakula.

Kwanza: chupa

Hapa sitarefusha maneno, kwani hukumu yake haina shaka. Aya ya 90 na ya 91 za Surat Al-Maida zimekwisha kukata shauri, na katika mapokezi ya Tirmidhi Mtume (s.a.w.) amemkanya mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae katika meza inayozungushwa pombe. Yaani si kunywa tu, hata kukaa.

Hapa ndipo panapopatikana hila ya maneno yale, kila mtu aje na chake. Mwenye shughuli anasema: mimi sikuuza pombe. Mwenye uwanja anasema: mimi nilikodisha viti tu. Kijana wa Kiislamu anasema: mimi nilikuja na soda yangu, chupa ni ya jirani. Kila mmoja ametoka mikono mitupu, na chupa iko palepale mezani. Dhambi iliyogawanywa kwa watu wengi haipungui. Kila mmoja huona tu kuwa fungu lake ni dogo.

Wala tusiwalaumu vijana peke yao. Wengine kati yao walikuja kwa kuwa katika mji huu, baada ya saa za kazi, hatukuwawekea mahali pengine pa kukaa pamoja isipokuwa penye pombe au penye muziki wa kupasua masikio. Aliyemnyima mwanawe kiti asishangae kumkuta amekaa kwa jirani.

Pili: chakula

Jambo lililoniuma zaidi usiku ule halikuwa chupa. Lilikuwa chakula.

Huyu alifungua chipsi na kuku wa mjini. Yule alikuja na mishikaki. Wengine walileta keki. Kila mmoja alikula chake, mbele ya picha yake, kama abiria wasiojuana ndani ya treni; bali hata abiria wa treni yetu hukaribishana. Binti yetu alikuwa amefungiwa na mama yake bakuli la mihogo ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga. Hakulifungua. Nilimwona akilisukuma chini ya kiti kwa mguu. Nilipomwendea kumwuliza mbona hali, aliniambia polepole, "Baba mdogo, dagaa watanukia." Akakaa na njaa mpaka saa tatu usiku, binti wa Ujiji, kwa kuona haya kula dagaa kando ya Ziwa Tanganyika.

Ndugu msomaji, tuwe waadilifu. Kula mbalimbali si haramu. Qur'ani yenyewe, katika aya ya 61 ya Surat An-Nur, imetuondolea ubaya tukila pamoja au tukila mbalimbali. Lakini kilichoruhusiwa na kilicho bora ni vitu viwili. Abu Dawud amepokea kuwa Masahaba walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba wanakula wala hawashibi, akawauliza kama huenda wanakula mbalimbali, kisha akawaamrisha wakusanyike katika chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, wapate baraka. Na Abu Dharr (r.a.) alifundishwa, kama alivyopokea Muslim, azidishe maji katika mchuzi wake ili apate cha kuwapa majirani.

Sisi pia twajua kuleta chakula. Mwezi wa Ramadhani, jua likichwa, wanaume hutoa futari barazani. Mwenye nyumba kubwa hutoa tambi na nyama, mjane hutoa uji na viazi, na vyote huwekwa juu ya mkeka mmoja. Mpita njia huitwa akae. Hakuna ajuaye tonge lililomshibisha limetoka jiko gani, na kwa sababu hiyo hakuna anayeona haya. Tazama basi tofauti ya neno moja. Huku twasema: kila mtu alete alichonacho. Kule wamesema: kila mtu aje na chake. La kwanza humsitiri maskini. La pili humvua nguo mbele ya watu.

Tatu: picha

Sasa tuingie katika uchoraji wenyewe, kwani huo ndio uliotangazwa, na wengi wetu tukilaumu usiku kama huu tunaishia kwenye chupa, tukasahau kuuliza kama kazi iliyofanywa ilikuwa njema.

Juu ya kuchora vyenye roho, maulamaa wamesema mengi, na wengi wao wamekataza. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya mikono ya kufanya sura, akamwendea Ibn Abbas (r.a.). Baada ya kumsikilizisha onyo la Mtume (s.a.w.), Ibn Abbas alimwelekeza kuwa ikiwa hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Hivyo mlango haukufungwa. Maji, milima, mitumbwi, michikichi, mawingu, vyote hivyo ni halali ya brashi. Ni ajabu kwamba katika picha ile kitu kimoja chenye kutiliwa shaka, yaani twiga, ndicho pia kisichotuhusu. Twiga hashuki Kibirizi kunywa maji. Picha ile imetengenezwa kwa ajili ya mgeni wa kitalii, na sisi wenyewe tumelipa kiingilio ili tujifunze kuitazama nchi yetu kwa macho ya mgeni huyo.

Na tunalo la kutazama! Ziwa hili lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina chake hufika mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa la Baikal tu, huko Siberia, lenye kina kulishinda. Usiku ule mwezi ulikuwa haupo, na usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Mara baada ya Isha taa zikaanza kuonekana mbali majini, moja, tatu, kumi, kisha zisizohesabika, kama mji uliojengwa juu ya maji kwa usiku mmoja. Wazee wetu walitumia karabai. Leo wengi hutumia taa za betri. Lakini taa ni zilezile kwa aliye nchi kavu, na kila taa ni mume wa mtu anayetafuta riziki.

Binti yetu alikuwa amekigeuza kiti chake. Sehemu ya chini ya picha, ambapo wenzake walikuwa wakipaka nyasi nyeusi, yeye alipaka maji meusi, akaanza kudonoa taa kwa ncha ya brashi, moja moja, kwa rangi ya manjano iliyochanganywa na nyeupe. Sikupata kuona mtu amenyamaza vile. Mwalimu alipita akasimama. Kwa upole kabisa akasema, "Dada, hapa umekosea kidogo, lakini tutarekebisha." Akaichukua brashi mkononi mwake, akapaka nyasi juu ya maji, na mgunga juu ya taa. Kisha akamchorea na twiga, ili asirudi nyumbani na picha pungufu.

Sikumchukia kijana yule. Anatafuta riziki ya halali kwa mkono wake, na aliahidi kwamba kila mtu atatoka na picha ile ile iliyotangazwa, alitimiza ahadi. Kosa liko katika ahadi. Aliahidi picha, hakuahidi uchoraji. Kuchora ni kutazama kwanza, kisha mkono ukafuata. Pale palikuwa na mikono thelathini na jicho moja, na jicho lile lilikuwa la mtu mwingine.

Huenda msomaji akasema: kuiga ndiyo njia ya kujifunza. Ni kweli. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za madukani juu ya vibao vyembamba vya kujengea, akafariki mwaka 1972. Katika miaka ile michache aliwafundisha jamaa zake, nao walianza kwa kumwiga. Na leo, zaidi ya nusu karne baadaye, kuna familia zinazokula kwa mtindo unaobeba jina lake. Lakini mwanafunzi wa fundi hurudi kesho, na kesho kutwa, mpaka siku moja mkono wake ukazaa kitu ambacho fundi hakukifanya. Vivyo hivyo mama amfundishaye bintiye kusuka ukili. Mwanzo humshika mkono, kisha humwachia achague rangi zake. Usiku ule haukuwa na kesho. Watu thelathini waliingia bila kujua kuchora, wakatoka na picha thelathini, nao bado hawajui kuchora.

Tunao usiku wetu

Wapo watakaosema, basi Mwislamu asikae kamwe mahali panapochorwa na kuliwa. Hapana. Nani kati yetu hajui usiku wa hina? Wanawake hukusanyika peke yao kwa bibi arusi. Fundi hukaa na hina yake na piko yake, akachora maua na majani juu ya mikono na miguu, wala hakuna kiumbe chenye roho. Vyakula huja kutoka nyumba mbalimbali, vikawekwa katika sinia moja. Kuna kicheko mpaka usiku wa manane, na hakuna chupa. Tena bibi arusi wa leo hapewi maua yaleyale aliyopewa wa juzi. Fundi huutazama mkono kwanza, kama ni mwembamba au mpana, ndipo akachora.

Basi mambo yote mazuri yaliyotangazwa katika mwaliko ule, kukaa pamoja, kula, kuchora, kucheka, yalikuwa kwetu kabla ya simu. Tena yalikuwa na kitu kimoja zaidi: watu walikuwa wamekuja kwa ajili ya mwenzao. Pale uwanjani kila mmoja alikuja kwa ajili ya nafsi yake, akala chake, akajipiga picha na picha yake, akaenda zake.

Nasaha

Kwa hiyo simwambii kijana yule aache kazi yake. Namwambia, kama ndugu yake mkubwa: geuza viti vitazame ziwa. Ondoa chupa, wateja wako wengi, nadhani, hawatazikumbuka. Anza baada ya Alasiri, pumzika kwa Magharibi, na wape wanawake siku yao. Tandika mkeka mmoja, chakula chote kiwekwe hapo, dagaa kando ya kuku. Fundisha namna ya kushika brashi na namna ya kuchanganya rangi, kisha mwache mtu atazame. Akikuchorea mtumbwi ulioinama, usiunyooshe.

Na kwenu wazazi na walimu wa madrasa: mtoto mwenye mkono wa kuchora msimwone mpotevu. Mkono uleule ndio uandikao khati nzuri. Wazee wetu walijifunza kwa kalamu ya tete na wino wa masizi juu ya ubao, na aliyeandika vizuri alisifiwa mbele ya wenzake. Tukimkataza kila kitu bila kumwonyesha kilicho halali, atakitafuta mwenyewe usiku, kwa kiingilio.

Siku chache baadaye nilikwenda nyumbani kwao. Picha ilikuwa nyuma ya kabati, imegeuziwa ukuta. Nilimwomba anionyeshe, akaitoa nje juani. "Taa zipo, Baba mdogo," akasema, "pitisha kidole hapa." Nikapitisha. Chini ya rangi ya mgunga vilikuwapo vinundu vidogo vidogo, kimoja baada ya kimoja, mpaka ukingoni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona tulivyojaaliwa, na mikono ya kukunjuliana. Wabillahi Tawfiq.